Nilimlilia Jota, mama akaumia

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni fundi seremala hapa Morogoro. Nina miaka 34, mke na watoto wawili. Nimesita sana kukuandikia kwa sababu naona aibu, lakini jambo lenyewe limefika mahali mama yangu mzazi hazungumzi nami zaidi ya salamu.

Alhamisi ya Julai 3 mwaka huu wa 2025, asubuhi, nilikuwa napiga randa mlango wa mteja, simu ikaanza kulia mfululizo. Diogo Jota wa Liverpool amefariki kwa ajali ya gari huko Hispania, yeye na mdogo wake, André Silva. Nikasema huo ni uzushi. Nikaingia kwenye ukurasa wa klabu yenyewe, nikakuta ni kweli. Alikuwa na miaka 28, amefunga ndoa siku 11 tu zilizopita, ana watoto watatu wadogo. Nikakaa juu ya mbao nikalia, Shangazi. Nililia mpaka kijana wangu wa kazi akaogopa, akakimbia kumwita mke wangu.

Nikueleze tulikotoka. Mdogo wangu na mimi tulikuwa Liverpool tangu ile fainali ya Istanbul ya Mei 2005, tulipotoka nyuma ya AC Milan kwa mabao matatu tukachukua kombe kwa penalti. Mimi nilikuwa na miaka 14, yeye 8, tumesimama dirishani kwa jirani maana sebuleni hapakuwa na pa kukanyaga. Alipokua alinipita kwa mapenzi ya timu. Machi 2019 alikuwa anarudi usiku na bodaboda, gari likamgonga, halikusimama. Alikuwa na miaka 22.

Baba alishatangulia, kwa hiyo kila kitu kikawa juu yangu. Mimi ndiye niliyeingia mochwari kumtambua. Gari la kwenda nyumbani Kilosa, turubai, viti, mchele, sukari, yote mimi, na daftari la rambirambi lilikuwa mfukoni mwangu. Jeneza nililichonga mwenyewe, usiku, peke yangu kiwandani, kwa mbao za mkongo. Sikulia usiku ule, na siku ya kuzika pia sikulia. Watu walinisifu kwamba nimejikaza kiume. Tangu siku hiyo sijachonga jeneza la mtu mwingine. Mteja akija na shida hiyo namwelekeza kwa mwenzangu ng'ambo ya barabara.

Mpira nao niliuacha. Mei ya mwaka ule ule wa msiba tulipoifunga Barcelona 4-0, kelele za kibanda umiza zilinifikia kitandani, nikaamka nikafunga dirisha. Ubingwa wa 2020, tuliousubiri miaka 30, ulinipita hivyo hivyo. Kisha Novemba mwaka huo, usiku wa mvua, natoka kumalizia kitanda cha bwana harusi mmoja, nikajibanza bandani nisilowe. Walikuwa wanacheza na Atalanta kule Italia. Kuna kijana mgeni simjui, namba 20 mgongoni. Akafunga moja, akafunga la pili, akafunga la tatu. Nikajikuta nimesimama nashangilia na watu nisiowajua. Nikajisikia vibaya, halafu nikajisikia vizuri. Tangu usiku ule nilirudi kwenye mpira, na yule kijana akawa wangu. Jezi yake niliinunua sokoni, na Aprili mwaka huu alipoifunga Everton niliivaa siku mbili mfululizo mke wangu akacheka.

Julai 5 nilifunga kiwanda nikatazama mazishi kwenye simu, kule kwao Gondomar, Ureno. Nikamwona nahodha wetu van Dijk amebeba shada jekundu lenye namba 20, na beki wetu Robertson amebeba lenye namba 30, ya André. Majeneza mawili ya ndugu wawili. Macho yangu ya fundi yakawa yanatazama mbao.

Mama alikuwa kwangu wiki ile, amekuja kliniki ya presha, akanikuta katika hali hiyo. Mke wangu, kwa kutaka kunisaidia, akamwambia, "Mama, huyu hamlilii mzungu, anamlilia mdogo wake." Mama akanitazama, akasema, "Mdogo wake alimzika macho makavu. Kama machozi anayo ya kumpa Mreno wa kwenye televisheni, ya mwanangu aliyaweka wapi?" Kesho yake alfajiri akapanda basi.

Agosti ligi ilipoanza, mechi na Bournemouth, nilikwenda bandani. Dakika ya 20, kama namba ya jezi yake, uwanja wetu wa Anfield mzima ukaimba wimbo wake. Nikatoka nje kama naenda kujisaidia, nikasimama nyuma ya banda nalia gizani, vijana wakanifuma. Tangu hapo kijiweni naitwa "mjane wa Jota". Sijarudi bandani. Natazama mwenyewe kwenye simu, na usiku nikikosa usingizi naangalia video zake mpaka saa nane, saa tisa, pamoja na zile za gari lililoungua.

Shangazi, huu ni mwezi wa tano. Nina makosa kumlilia mtu ambaye hakujua kama nipo duniani? Na mke wangu asemavyo ni kweli? Maana nikijichunguza, ninayemwona ni Jota mwenyewe. Na mama nimwambie nini?

Fundi, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu.

Pole. Nakupa pole mbili, kila moja na mahali pake: pole ya mdogo wako, nikijua imechelewa miaka sita, na pole ya Diogo Jota. Nadhani hii ya pili hakuna aliyekupa.

Nianze na swali la makosa, maana hilo halinipi shida. Wahenga wetu walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Lugha yetu wenyewe imemwekea wa mbali nafasi yake. Inachomtaka ni kujua zamu: wafiwa mbele, yeye baadaye. Wafiwa wa Jota ni mkewe, Rute, na wale watoto, na baba na mama waliozika wanao wawili kwa siku moja. Wewe wa Morogoro umeingia nyuma yao kabisa, nje ya ua, na hukumsukuma mtu. Sioni kosa.

Na usidhani uko peke yako. Aprili 10, 2012 mimi nilikuwa Leaders Club, Kinondoni, siku tulipomuaga Steven Kanumba. Naye alikuwa na miaka 28. Nilikuwa mtu mzima mwenye ajira na familia, nimesimama juani katikati ya maelfu ya watu, wanawake kwa wanaume wanazimia na kubebwa, na wengi wetu jeneza hatukulikaribia. Sikuwahi kupeana mkono na Kanumba. Lakini kwa miaka kadhaa, kila Jumapili baada ya chakula, filamu zake ndizo zilizoniweka mkeka mmoja na wanangu waliokuwa wameanza kunikwepa kwa ujana. Alipokufa nilimlilia yeye, na zile Jumapili pia nililia. Mume wangu alinisindikiza mpaka getini bila kuelewa chochote. Alishika mkoba wangu tu. Mpaka leo namshukuru kwa kushika ule mkoba.

Sasa twende kwa mkeo. Alichosema amekisema kwa upendo, na watu wengi wenye busara wangesema hivyo hivyo. Mdogo wako kafa barabarani, Jota kafa barabarani. Jota kafa pamoja na mdogo wake. Mdogo wako angekuwa hai leo angekuwa na miaka 28 ile ile. Mtu yeyote akisoma barua yako atajumlisha hesabu hiyo, na jibu litatoka: huyu anamlilia ndugu yake. Mimi nimeisoma mara tatu, na hesabu hiyo naona inaacha kitu nje.

Mdogo wako hakumjua Jota wa Liverpool. Ulisema mwenyewe, labda bila kutilia maanani. Jota alisajiliwa Liverpool Septemba 2020, mwaka mmoja na nusu baada ya nyinyi kumzika kijana wenu. Istanbul ilikuwa yenu wawili. Barcelona ingekuwa yenu wawili, ndiyo maana ulifunga dirisha. Lakini yale mabao matatu ya usiku wa mvua uliyaona peke yako. Yule kijana wa Kireno alikuwa kitu cha kwanza ulichokipenda baada ya msiba, ambacho mdogo wako hakuwa na sehemu ndani yake. Ulijisikia vibaya, halafu ukajisikia vizuri. Sentensi hiyo ndiyo nzito kuliko zote ulizoniandikia. Usiku ule ulijipa ruhusa ya kuendelea kuishi, na aliyekufungulia mlango amekufa. Kwa nini usimlilie yeye, kwa jina lake?

Kwa hiyo mkeo ana haki nusu. Mdogo wako yumo katika machozi hayo, sikatai, na nitamfikia sasa hivi. Ila usikubali mtu akuambie kwamba Jota ni jina tu ulilobandika juu ya huzuni nyingine. Misiba ni miwili. Imeingia nyumba moja, wakati mmoja, ndiyo maana huwezi kuhema.

Nije kwenye jeneza.

Mwanangu, niliposoma ulilichonga mwenyewe, usiku, peke yako, niliiweka barua chini nikaenda kusimama nje kwanza. Nimekaa misibani maisha yangu yote na nimeona jinsi tunavyogawana kazi. Mama anapewa godoro sebuleni na wanawake wa kumshikilia. Dada wanapewa sufuria. Kaka mkubwa anapewa daftari. Tangu dakika ile hana ruhusa ya kuanguka, kwa sababu akianguka nani atajua turubai limelipiwa au bado, nani atazungumza na dereva, nani atahesabu sahani? Halafu matanga yanaanuliwa, watu wanapanda magari, na hakuna anayemrudia kaka mkubwa kumwambia: haya, leta daftari, sasa zamu yako kulia. Zamu yake haifiki. Tunamsifu kwamba amejikaza na tunamwacha nalo hilo.

Wewe ulipewa zaidi ya daftari. Ulimtambua mochwari, na kipimo cha sanduku ulikitoa kwenye mwili wa mtoto uliyesimama naye dirishani kwa jirani. Kila ubao uliokata usiku ule ulijua ni wa nani. Mimi siamini kwamba hukulia. Naamini ulilia kwa mikono, kwa njia pekee uliyoachiwa, na mama yako hakuwepo kiwandani kuona.

Na tangu hapo hujachonga jingine. Miaka sita, fundi wa mbao, unawavusha wafiwa barabara kwenda kwa mwenzako. Umeliandika jambo hilo katikati ya mengine kana kwamba ni habari ya biashara. Mimi nimeona hapo ndipo msiba wako uliposimama. Sikuambii uanze kuchonga majeneza, hiyo ni kazi na utaamua mwenyewe. Nakuambia ujue kwamba mlango huo umeufunga kwa ndani, na Julai 5, ulipoanza kutazama mbao za majeneza ya Gondomar kwenye simu, mtu aligonga.

Mama yako basi.

Maneno yake ni makali, na yameuma kwa sababu yana swali la kweli ndani. Ameuliza machozi ya mwanawe uliyaweka wapi. Miaka sita mama huyu amebeba picha ya mwanawe mkubwa kaburini, macho makavu, daftari mfukoni. Huenda kila alipoikumbuka alijifariji: ndivyo alivyo, halii, moyo wake mgumu. Kisha akakuona unalia kwa sauti, tena kwa mtu wa mbali. Faraja yake ikavunjika hapo hapo. Amekasirika, ndiyo, lakini kabla ya hasira ameona wivu kwa niaba ya marehemu wake. Mzazi hufanya hivyo.

Usimpigie simu. Mambo haya kwenye simu yanaishia kwenye "mtandao unakatika". Funga kiwanda siku mbili, panda basi, nenda Kilosa. Nenda na sukari yako na sabuni kama kawaida ya mtoto anayerudi nyumbani. Mkeo na watoto wabaki safari hii. Fika, amkia, kula alichopika. Jioni mkiwa mmekaa nje, mwombe kesho mwende wote kaburini, mkapalilie. Mtu akiwa na jembe mkononi huzungumza vizuri kuliko akiwa amekaliwa na macho.

Huko kaburini usianze na Jota. Usianze pia na "mama ulinikosea uliposema vile". Mweleze usiku wa jeneza. Mweleze mochwari ulikuta nini, kwa kiasi ambacho mama anaweza kubeba, wewe unamjua. Mwambie mbao ulizitoa wapi, ulianza saa ngapi, ulimaliza saa ngapi, ulikuwa unawaza nini ulipopiga vanishi. Mwambie hujachonga jingine tangu siku ile. Nina hakika hilo halijui. Na chozi likija huko, liache lije mbele yake. Lisipokuja, usilitafute, habari yenyewe inatosha.

Anaweza kunyamaza. Anaweza kukasirika kwamba umemficha miaka yote. Anaweza kukuuliza maswali ambayo hukuyategemea, mama zetu huuliza vitu vidogo sana: alikuwa amevaa viatu gani, uso ulikuwaje. Mjibu. Amesubiri muda mrefu mtu wa kumwuliza, na aliyekuwa nayo majibu ni wewe peke yako.

Jota atakuja mwenyewe, leo au safari nyingine. Siku mama atakapouliza, "Na yule kijana wa mpira?", usimweleze mabao. Mwambie kuna mwanamke huko Ureno, mama mwenzake, ambaye Julai hii alizika wanawe wawili kwa siku moja, wa miaka 28 na wa miaka 25, wote wachezaji, mkubwa Liverpool na mdogo timu ya Penafiel. Mwambie mkubwa alikuwa njiani usiku kwenda kupanda meli kurudi Uingereza, kwa sababu madaktari walimwambia asipande ndege baada ya upasuaji wa mapafu, na mdogo alikuwa amemsindikiza. Mdogo alimsindikiza kaka yake. Mama yako atajua la kufanya na habari hiyo kuliko sisi wote.

Kijiweni nitasema machache. Sisi ni watu wa utani, na msibani mtani anaruhusiwa kucheka hata mbele ya maiti. Ila mtani wa kweli ana wajibu wake: anayekuchekesha mchana ndiye huyo aliyeamka alfajiri kuchimba kaburi, ndiye aliyeteka maji. Hao waliokuita mjane, kuna hata mmoja aliyekuuliza umekula? Kama yupo, huyo ni mtani wako, mcheke naye. Wengine wamechukua kicheko wakaliacha jembe, na huwajibiki kwao. Na jina lenyewe likikuuma, mwambie mmoja wao unayemwamini, mkiwa wawili tu. Usilipigie kelele kijiweni, litaota mizizi.

Mkeo usimlaumu. Alikimbia alipoitwa, na alikutetea kwa mama mkwe wake, jambo ambalo si jepesi katika nyumba nyingi. Mwambie tu habari ya usiku wa mvua na Atalanta. Nina wasiwasi hajawahi kuisikia.

Lakini simu ile nakukataza. Video za gari lililoungua zifute leo, na wanaozituma waambie waache. Tairi lilipasuka usiku, wakiwa wanalipita gari jingine, kwenye barabara ya mkoa wa Zamora. Ya kujua ni hayo, na kulitazama gari lile mara ya mia hakutakuonyesha zaidi. Wewe hasa, ambaye usiku mmoja ulishaona mwili uliotoka barabarani, macho yako hayahitaji tena picha hizo. Ukitaka kumwona Jota tazama mabao yake, mchana, tena pamoja na mwanao. Saa nne usiku simu ilale chumba kingine. Ukikosa usingizi hata baada ya hapo, au ukaanza kushindwa kula, kushindwa kazi, au ikakujia fikra kwamba bora na wewe usiwepo, usingoje jibu langu wala la mtu yeyote. Nenda hospitali ya mkoa, waambie unataka kumwona daktari wa afya ya akili, na umweleze misiba yote miwili. Mkeo akusindikize.

Umeniuliza kwa maneno ya chini chini kwa nini mpaka mwezi wa tano msiba haujaisha. Nani alisema utaisha? Robertson, yule uliyemwona Julai na shada la namba 30, Novemba hii Scotland ilipoifunga Denmark 4-2 na kufuzu Kombe la Dunia, alisimama mbele ya kamera usiku wa furaha kubwa kuliko zote katika mpira wake, akazungumza habari za Jota. Alisema siku nzima hakuweza kumtoa kichwani, kwa sababu walikuwa wakizungumza mara nyingi jinsi watakavyokwenda Kombe la Dunia. Lile la Qatar Jota alilikosa kwa kuumia, na Robertson timu yake haikufuzu. Huyo ni mtu aliyekula naye, aliyemzika, mwenye timu nzima ya kumfariji, na bado. Rúben Neves alilibeba jeneza la rafiki yake, na sasa anavaa jezi yake ya Ureno, namba 21. Oktoba aliifungia nchi yake bao la kwanza maishani mwake, dakika za nyongeza dhidi ya Ireland, akiwa ameivaa hiyo hiyo. Nao wanaendelea kucheza, na wanaendelea kumtaja.

Juzi Desemba 4 Jota angetimiza miaka 29, na nadhani ulikuwa peke yako na simu. Sasa sikiliza. Jumamosi ya Desemba 27 Liverpool watacheza na Wolves pale Anfield. Hizo ndizo timu mbili alizozichezea Uingereza. Kwetu itakuwa jioni. Kilosa uwe umeshakwenda na kurudi kabla ya hapo. Vaa jezi yako, mchukue mkeo kama atapenda, lipa kiingilio, ukae bandani pale pale ulipojikinga mvua. Na dakika ya 20 ikifika, usitoke nje.